Kitalu nyumba Tabora ni mwavuli, si kisima

"Kitalu nyumba ni cha kiangazi, jua likishakausha kila kitu." Hii ndiyo dhana inayovitia hasara vikundi vingi vinavyolima nyanya ndani ya kitalu nyumba, yaani banda la nailoni. Kiangazi, Mei hadi Oktoba, kila mwenye bustani bondeni na kisima kifupi analima nyanya, na bei ya tenga inaanguka. Tena Septemba na Oktoba joto la Tabora hupita nyuzi 30, na chini ya nailoni huzidi hapo. Likifika nyuzi 35 hivi, chavua ya nyanya hushindwa kazi, maua yanapukutika, na watu wanalaumu mbegu.

Faida iko msimu wa mvua. Mvua za mfululizo zikilowesha majani ya nyanya za nje, bakajani, ugonjwa wa ukungu, huingia na shamba huwa kama limemwagiwa maji ya moto. Ndani ya kitalu majani ni makavu. Sia mbegu mapema Oktoba kwenye kivuli, hamisha miche Novemba, na kuanzia mwishoni mwa Januari utaanza kuchuma wakati nyanya zimeadimika sokoni.

Na maji? Wapo wanaodhani kitalu kinamaliza shida hiyo. Banda la mita 8 kwa 15 huchukua miche kama 250, na mche wenye matunda unaweza kunywa lita 2 kwa siku: lita 500, madumu 25 ya lita 20, kila siku. Mipira ya matone hupunguza upotevu, haileti maji. Ila paa hilohilo linalozuia mvua linaweza kuikinga: mvua ya milimita 10 juu ya mita za mraba 120 ni karibu lita 1,200. Nimeona mabanda mazuri yasiyo na hata mfereji mmoja.

"Wadudu hawaingii." Kantangaze, nondo mdogo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, huingia mlangoni, au na miche uliyonunua. Kwetu kuna jingine: tumbaku na nyanya ni ukoo mmoja, na virusi vya batobato ya tumbaku, ugonjwa wa mabaka majanini, husafiri kwa mikono. Ukitoka kuchuma tumbaku, au umevuta sigara, nawa kwa sabuni kabla ya kugusa mche.

Kuhusu lishe, nyanya peke yake haitoshi. Matembele, mchicha na majani ya maboga ndiyo yenye vitamini A nyingi, na mafuta kidogo, hata mawese ya Kigoma, husaidia mwili kuipokea. Mboga hizi hazihitaji nailoni. Zipande kando ya banda, zimwagiliwe kwa maji yaleyale yaliyokingwa paani.

Mtaji watu huuhofia kupita kiasi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, bila riba. Ninachokihofia mimi ni zamu. Kabla ya kusaini mkopo, andikeni kwa majina nani atamwagilia Februari, wakati kila mtu yuko banini anakausha tumbaku.