Una barua ya ajira ya maabara ya taifa Marekani? Usikate tiketi bado

Kila msimu wa maombi, ofisi yetu ya watafiti wa kigeni hupokea lalamiko lilelile: nimeshapewa barua ya ajira, mbona siruhusiwi kuanza kazi? Maelezo haya ni kwa wenye shahada ya uzamivu wanaoomba utafiti katika maabara 17 za Wizara ya Nishati ya Marekani, kama vile Argonne, Oak Ridge na Los Alamos.

Nafasi hii ni ajira ya mkataba. Si masomo, wala si ufadhili wa masomo. Mkataba kwa kawaida huongezwa mwaka hadi mwaka, kutegemea fedha za mradi na kazi yako. Namna ya kumwandikia mwanasayansi unayetaka kufanya naye kazi mnaijua, sina haja ya kuirudia.

Kinachochelewesha ni ukaguzi wa raia wa kigeni. Kabla haujakamilika, huingii getini wala hupewi akaunti ya kompyuta, hata kama mkuu wa kikundi anakusubiri kwa hamu. Kutuandikia kila asubuhi hakuuharakishi. Kinachosaidia ni wasifu usio na mapengo: taja ajira zote, vyuo vyote, na kila nafasi au fedha za utafiti unazopata kutoka taasisi au serikali nyingine. Kuwa na nafasi nyingine si lazima kukunyime kazi. Kuificha ni jambo zito. Kuidanganya serikali ya shirikisho kwa makusudi ni jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 5.

Wengi huja kwa viza ya J-1, yaani viza ya wanaokuja Marekani kwa programu za kubadilishana wageni, na hapa ndipo penye upotoshaji mwingi. Mtafiti hupewa muda usiozidi miaka 5. Muda huo si akiba ya kutumia vipande vipande, jamani! Programu ikifungwa baada ya mwaka mmoja, miaka 4 iliyobaki imepotea, na utasubiri miezi 24 kabla ya kurudi katika kundi hilohilo la viza. Kwa hiyo, kama unakwenda nyumbani kwa muda tu, zungumza na ofisi kabla ya kuondoka. Sharti hili ni tofauti na lile la kukaa nchini kwako miaka 2, ambalo huwahusu baadhi tu, hasa waliogharimiwa na serikali au ambao fani zao zimo katika orodha ya Marekani ya ujuzi unaohitajika katika nchi zao.

Bima ya afya ni lazima kwako na kwa familia uliyokuja nayo: angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, 50,000 za kusafirishwa ukiwa mgonjwa na 25,000 za kurejesha mwili. Kuiacha makusudi kunakuondoa katika programu. Ukihama nyumba, tujulishe ndani ya siku 10. Ukialikwa kutoa mhadhara wa kulipwa mahali pengine, omba kibali cha maandishi kwanza; kibali cha baadaye hakipo.

Programu ikimalizika unazo siku 30 za kujiandaa kuondoka. Ndani ya siku hizo hufanyi kazi, hata ya kumalizia data. Makala ambayo haijakamilika, panga na msimamizi wako mapema nani ataishughulikia.