Kontena kufunguliwa Kasumbalesa: wanayoamini waagizaji, na ukweli wake

"Papa, bale ba duane banafungula ya mie tu. Franga njo banatafuta." Yaani watu wa forodha wanafungua mzigo wake peke yake, wanatafuta pesa. Maneno hayo nayasikia kila mara kutoka kwa wafanyabiashara wa Lubumbashi wanaoniletea makaratasi yao, na nimeyachoka. Sisemi kwamba mpakani hakuna anayeomba pesa. Wapo, na sote tunajua. Lakini imani hiyo inawafanya watu wenye akili timamu waandae bahasha badala ya kuandaa hati, na mzigo unalala Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, huku mwenyewe akimtafuta mtu wa kumpigia simu.

Ukweli ni huu. Deklarasyoni, yaani tamko la mzigo wako, ikishaingia kwenye Sydonia, ule mfumo wa kompyuta wa DGDA, forodha ya Kongo, mfumo ndio unaoipangia njia. Kijani, mzigo unapita. Njano, hati zinasomwa. Nyekundu, hati zinasomwa na mzigo unafunguliwa. Bluu, mzigo unatoka sasa na ukaguzi unakuja baadaye, kwenye vitabu vyako. Mfumo unaangalia aina ya bidhaa, nchi ilikotoka, historia ya mwagizaji na ya wakala wake, na deklarasyoni nyingine inazichagua kwa bahati nasibu tu. Mtu mpya, mzigo mchanganyiko kutoka Guangzhou, faktura (ankara) ya mstari mmoja: hapo nyekundu ni jambo la kawaida kabisa. Hakuna aliyekaa akakuchukia.

Kwa hiyo swali la kuuliza si kwa nini wamefungua. Uliza kwa nini ukaguzi wa jirani yako uliisha asubuhi na wako ukavuka hadi siku ya tatu. Jibu karibu kila mara liko kwenye listi ya kolisaji, ile orodha ya kilichomo katika kila karton.

Chukua listi inayosema "bidhaa mbalimbali, karton 412". Mkaguzi anasimama mlangoni mwa kontena na karatasi hiyo. Analinganisha namba ya lakiri, ile kufuli ya muhuri ya kontena, na ile iliyo kwenye hati ya usafirishaji, anaikata, anafungua. Karton ya kwanza ina sufuria. Ya pili ina vifuniko vya simu. Ya tatu mèches, nywele bandia za wanawake. Kila kimoja kina msimbo wake wa ushuru na kiwango chake, na karatasi haimwambii kitu. Afanye nini? Anaamuru zishushwe zote. Vijana wa kushusha unawalipa wewe, wa kurudisha ndani unawalipa wewe, na siku za bure ulizopewa na kampuni ya meli zinazidi kuisha.

Sasa chukua listi ya mwenzako: "Karton 1 hadi 40, taa za LED wati 9, vipande 100 kwa karton. Karton 41 hadi 95, sufuria za alumini, seti 6 kwa karton", na uzito wa kila kundi pembeni, na namba hizo hizo zimeandikwa kwa wino mzito juu ya kila karton. Mkaguzi anasema: nitolee ya 17, ya 60 na ya 88. Zinatoka, zinahesabiwa, zinapimwa, zinalingana. Anaandika ripoti yake, lakiri mpya inafungwa, namba yake inaandikwa. Kazi imekwisha. Ndiyo maana kila mteja wangu ninamsumbua kwa jambo hili moja kabla hajatuma hata dola moja kwa muuzaji: namba juu ya karton, namba hiyo hiyo kwenye listi, na picha za kontena likipakiwa. Muuzaji akikataa kuandika namba, tafuta muuzaji mwingine.

Kwenye grupaji, pale wafanyabiashara kumi au ishirini wanapogawana kontena moja, jambo hili linauma zaidi. Mmoja akificha betri au vipodozi vyenye hidrokwinoni katikati ya nguo, nyote mnasubiri. Nawasihi, muulize anayekusanya mizigo aonyeshe listi kamili ya wote, si sehemu yako peke yake.

Na usikae Lubumbashi ukisubiri habari kwa WhatsApp. Kasumbalesa ni kama kilometa 90 tu. Wakala wako awepo mlango unapofunguliwa, na wewe ukiweza uwepo. Msipokubaliana na hesabu, ombeni kwa maandishi mzigo uhesabiwe wote kabla ripoti haijasainiwa. Ukishasaini ripoti, malalamiko yako yanakuwa hadithi tu.

Dhana nyingine nitazipitia haraka.

"Mzigo ulishakaguliwa China, hawapashwi kuufungua tena." Cheti cha ukaguzi wa kabla ya kupakia kinakusaidia sana, na kukikosa kunakugharimu. Lakini hakiifungi mikono forodha. Lakiri inaweza kubadilishwa njiani, na safari kutoka Durban au Dar es Salaam ni ndefu.

"OCC na DGDA ni kitu kimoja." Si kimoja. OCC, ofisi ya Kongo ya ukaguzi wa bidhaa, inaangalia ubora, kiasi na viwango, na kuchukua sampuli ni kazi yake. DGDA inaangalia ushuru. Ukimaliza na mmoja hujamaliza na mwingine, kwa hiyo panga ukaguzi wao ufanyike siku moja, kontena lifunguliwe mara moja tu.

"Nimenunua Kariakoo, kwa hiyo ni bidhaa ya Afrika Mashariki." Sufuria iliyotengenezwa China inabaki ya China hata ikipita maduka matatu ya Dar es Salaam. Nafuu ya ushuru inafuata cheti cha asili, haifuati risiti ya duka.

"Punguza bei kwenye faktura, ulipe kidogo." Hii inanikera karibu kama ile ya kwanza. Sheria ya forodha ya 2010 inaanzia kwenye bei uliyolipa kweli, na forodha ina haki ya kudai uthibitisho wa malipo. Ukishindwa kuuonyesha, wanaiacha faktura yako na kutumia bei ya bidhaa zinazofanana zilizoingia karibuni. Juu yake faini. Na mara ijayo njia nyekundu inakungoja, kwa sababu jina lako limeshaingia kwenye historia.

"TVA ni asilimia 16 ya bei ya kiwandani." Hapana, kodi hii ya ongezeko la thamani haihesabiwi hivyo. Chukua bei ya bidhaa, ongeza usafiri na bima hadi mpakani. Tuseme imefika dola 20,000. Ushuru wa asilimia 10 ni 2,000. TVA inapigwa juu ya 22,000, yaani 3,520. Hapo ni 5,520 kabla ya malipo ya huduma nyingine. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuagiza, si siku lori limefika kwenye foleni.

Ushuru wenyewe unalipwa benki, kwa bultini ya likidasyoni, karatasi ya forodha inayoonyesha kiasi unachodaiwa, yenye namba ya deklarasyoni yako. Anayetaka umpe ushuru mkononi, mwombe kwanza namba hiyo, iandike, kisha nenda benki.