GIST: uvimbe unaotaka kisu na kidonge

Wanafunzi wa udaktari huniuliza kwa nini mimi, daktari wa upasuaji wa saratani, sehemu kubwa ya utafiti wangu imefuata kidonge. Jibu langu ni GIST (kifupi cha Kiingereza, gastrointestinal stromal tumour), aina ya saratani ya mfumo wa chakula. Kati ya 1998 na 2002 uvimbe huu ulitoka kwenye orodha ya magonjwa yasiyosikia dawa ukawa mfano ambao wataalamu wa tiba lengwa, yaani dawa zinazolenga hitilafu mahususi ya seli ya saratani, wanaurejea hadi leo. Na katika kila hatua ya safari hiyo palihitajika kipande cha uvimbe, kile ambacho mpasuaji ndiye anayekitoa.

GIST huota ndani ya ukuta wa mfumo wa chakula, mara nyingi tumboni, kisha kwenye utumbo mwembamba. Unahusiana na seli zinazoratibu mjongeo wa utumbo, zile alizozieleza Mhispania Santiago Ramón y Cajal mwishoni mwa karne ya 19. Kwa kuwa hukua chini ya utando wa juu, endoskopi, kamera inayoingizwa tumboni kupitia mdomoni, inaweza kuona kivimbe tu kilichofunikwa na utando mzuri wa ndani ya tumbo, na kinyama cha kupimwa kinachochukuliwa juujuu kikarudi na majibu ya "hakuna saratani". Mgonjwa anaendelea kunywa dawa za vidonda vya tumbo huku akipata choo cheusi kama lami na damu ikizidi kupungua. Mgonjwa wa namna hiyo apigwe CT skani, tusiridhike na jibu la kinyama peke yake.

Zamani tuliuita uvimbe wa misuli laini, na tibakemia haikuufanya lolote la maana. Kilichokuwapo ni kisu. Mwaka 2000 mpasuaji Ronald DeMatteo na wenzake wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, walichapisha taarifa za wagonjwa 200. Kwa wale waliotolewa uvimbe wote wa awali, 54% tu ndio waliokuwa wamenusurika na ugonjwa huo kwa miaka 5. Yaani uvimbe umetoka wote, kidonda kimepona, mtu amerudi kazini, na bado karibu nusu wanakufa kwa ugonjwa uleule. Takwimu hiyo ndiyo iliyonivuta kwenye utafiti.

Jibu lilikuwa limeshaanza kujitokeza Japani. Mwaka 1998 Seiichi Hirota na wenzake walionyesha kwamba GIST nyingi zina hitilafu kwenye jeni ya KIT. Protini ya KIT hukaa kwenye ngozi ya seli ikisubiri ujumbe wa kuiambia seli igawanyike. Ikiharibika, huwa kama bomba lililokatika koki: maji yanatoka mchana na usiku bila mtu kuyafungulia. Wakati huohuo kulikuwa na dawa ya imatinibu, iliyotengenezwa Uswisi na kujaribiwa na Brian Druker huko Oregon, Marekani, kwa aina moja ya saratani ya damu. Dawa hiyo huingia kwenye kishimo ambamo protini mbovu huchukua nguvu yake ya kufanya kazi, ikakiziba. Ilibainika kwamba inaiziba na KIT pia.

Machi 2000, mjini Helsinki, Heikki Joensuu alimpa dawa hiyo mama wa miaka 50 ambaye GIST yake ilikuwa imesambaa na kurudi baada ya upasuaji. Baada ya mwezi mmoja PET skani, picha inayoonyesha seli zinazotumia sukari nyingi, ilionyesha uvimbe umeacha kabisa kufyonza sukari. Ukafuata utafiti wa wagonjwa 147 ambao ugonjwa wao ulikuwa umeenea au haupasuliki, na zaidi ya nusu yao uvimbe ulinywea. Februari 2002 Marekani ikaidhinisha imatinibu kwa GIST.

Wapo waliodhani wapasuaji sasa tungekosa kazi. Utafiti uliofuata uliongozwa na wapasuaji wenyewe. DeMatteo alisimamia jaribio la wagonjwa 713 waliokwisha kutolewa uvimbe wote wa sentimita 3 au zaidi: kundi moja lilipewa imatinibu mwaka mzima, jingine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja, 98% ya waliopewa dawa walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa, dhidi ya 83% ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Lakini dawa ilipokoma, ugonjwa ulianza kurudi. Ndipo utafiti wa nchi za Skandinavia na Ujerumani ukalinganisha mwaka 1 na miaka 3 kwa wagonjwa 400 walio kwenye hatari kubwa. Baada ya miaka 5, 92% ya waliotumia miaka 3 walikuwa hai, na 82% ya waliotumia mwaka 1. Tangu hapo, mgonjwa wangu wa hatari kubwa namwambia miaka 3, na namwambia kabla hajatoka wodini.

Sasa niwapeleke chumba cha upasuaji, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. GIST ni laini na ina mishipa mingi, ukiibana kwa pupa inapasuka. Ikipasuka, seli humwagika tumboni na uwezekano wa kurudi hupanda sana. Kwa hiyo naugusa kidogo iwezekanavyo, na kama ni wa kutolewa kwa matundu madogo, unaingizwa kwenye mfuko kabla ya kuvutwa nje. Tofauti na saratani ya kawaida ya tumbo, GIST kwa kawaida haiendi kwenye tezi za limfu, hivyo hatuzifukui. Tunakata uvimbe mzima na ukingo kidogo wa nyama safi, mgonjwa anabaki na sehemu kubwa ya tumbo lake. Ukiwa mkubwa au umekaa pabaya, kwenye njia ya haja kubwa kwa mfano, tunaanza na kidonge kwa miezi kadhaa ili unywee, ndipo tunapasua.

Baada ya hapo inakuja dakika ambayo wengi huichukulia kwa wepesi: kuweka uvimbe kwenye kopo. Unahitaji formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, iliyochanganywa sawasawa, ujazo wake uwe takriban mara kumi ya nyama yenyewe, na uvimbe mkubwa upasuliwe ili dawa ifike katikati. Nimeshapokea sampuli zilizosongwa kwenye kopo dogo, na nyingine zilizolowekwa wiki baada ya wiki. Hadubini bado huona kitu, lakini DNA inakuwa imekatikakatika na jeni haisomeki tena.

Na jeni ni lazima isomwe. Hitilafu ikiwa kwenye eksoni (sehemu ya jeni) ya 11 ya KIT, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, imatinibu miligramu 400 kwa siku hufanya kazi vizuri. Ikiwa kwenye eksoni ya 9 na ugonjwa umeenea, mara nyingi tunapanda hadi 800. Ikiwa ni ile iitwayo D842V kwenye jeni nyingine, PDGFRA, imatinibu haisaidii. Mgonjwa wa hivyo anahitaji dawa nyingine, avapritinibu, iliyoidhinishwa Marekani 2020. Kumpa mtu kidonge kwa miezi bila kujua hili ni kumpotezea muda ambao hana.

Ugonjwa ulioenea hujifunza kukwepa dawa. Hitilafu mpya hujitokeza kwenye KIT ileile, na ndiyo sababu tukawa na dawa za kufuatia: sunitinibu, regorafenibu na ripretinibu. Maabara ya DeMatteo ilionyesha 2011, kwa panya na kwa uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa, kwamba sehemu ya nguvu ya imatinibu hutokana na kuamsha kinga ya mwili. Ugunduzi wa namna hiyo hautokei bila sampuli iliyotunzwa vizuri.

Kwetu kuna jambo moja ambalo vitabu vya Ulaya hulipita haraka. Rifampisini, dawa yetu ya kila siku ya TB, hupunguza imatinibu mwilini kwa takriban robo tatu. Mgonjwa anameza vidonge vyake kwa uaminifu na ugonjwa unasonga mbele. Anayetumia dawa za TB, au efavirenzi ya VVU, amwambie daktari wa saratani siku ya kwanza, na madaktari hao wawili wazungumze.

Imatinibu imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2015, na matoleo ya bei nafuu yapo. Kidonge kimezwe pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Macho yakivimba asubuhi au misuli ikikaza, usikiache, njoo kliniki.

Kama wewe au ndugu yako ametolewa GIST, ombeni nakala ya majibu ya patholojia na ya ripoti ya upasuaji. Muangalie kama yameandikwa: ukubwa wa uvimbe, mahali ulipokuwa, idadi ya seli zinazogawanyika katika milimita 5 za mraba, majibu ya KIT na DOG1 (protini zinazosaidia kuitambua GIST), na kama uvimbe ulipasuka. Kikikosekana kimoja, rudini mkaulize, na muulize pia kipande kilichogandishwa kwenye nta kimehifadhiwa wapi, kwa sababu kinaweza kupimwa jeni hata baadaye.