Ubia wa chuo na kampuni: somo litaandikwa na nani?

Chuo kikuu kikitangaza ubia na kampuni kwa ajili ya masomo ya kompyuta, watu huuliza kwanza habari za vifaa: ni vingapi, vya aina gani, vitafika lini. Mimi kazi yangu ni kusanifu masomo yenyewe, kwa hiyo huuliza jingine: nani atayaandika, na saa zake atazilipa nani?

Mfano ninaopenda kuwapa wenzangu ni wa zamani na wa mbali. Mwaka 1960 mhandisi Donald Bitzer wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alianzisha mfumo wa kufundishia kwa kompyuta ulioitwa PLATO. Mwanzoni ulitumia ILLIAC, mashine iliyoundwa na chuo chenyewe, na ulimhudumia mwanafunzi mmoja tu. Baadaye William Norris, mkuu wa kampuni ya Control Data, akawapatia kompyuta ya CDC 1604, wakaweza kusoma wanafunzi 20 kwa pamoja. Kikwazo kilichofuata kilikuwa skrini, maana kumbukumbu ya kompyuta siku hizo ilikuwa ghali mno kuhifadhi picha ya kila mwanafunzi. Mwaka 1964 Bitzer, Gene Slottow na mwanafunzi Robert Willson wakabuni skrini ya plazma: nukta ikishawashwa, inabaki inawaka yenyewe. Owens-Illinois, kampuni ya vioo, ikaitengeneza. Kufikia 1972 mwanafunzi wa PLATO alikaa mbele ya skrini ya rangi ya chungwa yenye nukta 512 kwa 512, akajibu kwa kuigusa kwa kidole. Mwaka 1972!

Mashine ilitoka kampuni moja, kioo kampuni nyingine, fedha nyingi serikalini. Chuo kilileta nini? Kilileta walimu, na kikahakikisha wanaweza kufanya kazi bila kusimamiwa na mafundi.

Hapo ndipo Paul Tenczar anapoingia. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya juu katika biolojia, wala si mtu wa kompyuta, na mwaka 1967 alibuni lugha ya kuandikia masomo iitwayo TUTOR. Kabla ya hapo, mwalimu aliyetaka somo kwenye mashine alimtegemea mtaalamu wa programu. Kwa TUTOR alihitaji amri chache tu ili aanze. Amri ya "at" ilionyesha mahali kwenye skrini, "write" iliandika maneno, "arrow" ilimsubiri mwanafunzi ajibu, na "answer" ilibeba jibu sahihi. Kwenye hiyo "answer" mwalimu aliweza kutaja maneno ya kupuuzwa na maneno yanayoweza kushika nafasi ya mengine. Chukua swali la kutaja umbo lililochorwa. Mmoja anajibu "pembetatu mraba", mwingine "hili umbo ni pembetatu mraba". Mwalimu akishasema kwamba "hili", "umbo" na "ni" zipuuzwe, wote wawili wamepata. Mimi nimeona mifumo ya leo, ya bei mbaya, inayomkosesha mtoto kwa sababu ya nafasi moja ya ziada mwishoni mwa neno.

Matunda yake yalionekana. Stanley Smith, mhadhiri wa kemia, aliandika masomo ya kemia ogania yaliyotumika miaka mingi. Wanafunzi wa biolojia walizalisha nzi wa matunda kwenye skrini wakifuatilia urithi, bila chupa wala harufu. Somo ninalolihusudu zaidi ni mchezo wa hesabu wa watoto wa shule ya msingi: garimoshi linashindana na gari la farasi kwenye mstari wa namba. Mtoto anapewa namba tatu, azichanganye apate hatua zake. Akipata 2, 3 na 4, anaweza kuandika 2 × 3 + 4 akaenda hatua 10, au 2 + 3 × 4 akaenda 14, au aweke mabano, (2 + 3) × 4, aende 20. Lakini hatua nyingi si lazima ziwe bora, kwa kuwa njiani kuna miji na njia za mkato zinazomrusha mbele anayetua penyewe. Mtoto anajikuta anajaribu mabano kwa hiari yake. Mchezo kama huo haubuniwi na mtu ambaye hajawahi kuona darasa la nne likihangaika na mabano.

Mwaka 1976 Control Data ilianza kuuza PLATO kibiashara. Norris aliiamini kweli, akamwaga humo mamia ya mamilioni ya dola. Bitzer alikuwa amekadiria gharama ya chini ya dola 1 kwa saa ya mwanafunzi, lakini bei za sokoni ziliwashinda shule na vyuo vingi. Walioimudu ni mashirika makubwa yaliyofundisha wafanyakazi. Tathmini iliyofanywa na ETS, taasisi ya Marekani ya mitihani na utafiti wa elimu, nayo haikuwasaidia wauzaji: katika vyuo vya jamii (vyuo vya umma vya miaka miwili), wanafunzi na walimu waliupenda mfumo, lakini alama hazikubadilika kwa kiasi cha kujivunia. Kompyuta ndogo za bei nafuu zikaingia, na mwaka 1989 kampuni ikauza biashara hiyo.

Kilichostawi ni mitihani. Huduma ya mitihani ya kompyuta iliyokuzwa ndani ya Control Data ilitengwa mwaka 1990, na ndiyo leo iitwayo Prometric. Muuguzi wa Kenya anayetafuta kazi Saudia au Oman anaijua vizuri. Huenda asijue kwamba ni mjukuu wa PLATO. Mtihani huandikwa mara moja ukauzwa mara nyingi. Somo hudai mwalimu alirudie kila akiona wanafunzi wamekwama.

Tukirudi kwetu, mwaka 2016 Kenya ilianza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi za umma. Zabuni walipewa Chuo Kikuu cha Moi pamoja na kampuni ya JP Sá Couto ya Ureno, na JKUAT (Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta) pamoja na kampuni ya Positivo BGH. Vifaa zaidi ya milioni 1 vilisambazwa, si haba. Ila tazama vyuo vilivyowekwa: upande wa kuunganisha na kusambaza vifaa. Maudhui yalikuwa ya KICD, taasisi ya kitaifa ya kukuza mitaala. Sidharau kazi ya kuunganisha vifaa, vijana walijifunza mengi pale, lakini chuo chenye kitivo cha elimu kuitwa kwenye ubia kama kiwanda ni kukitumia nusu.

Ndiyo maana rasimu ya makubaliano ikinifikia naanzia kwenye viambatisho. Nataka masomo yote yahifadhiwe chuoni katika muundo wa SCORM, yaani kanuni za kufungasha masomo yaweze kuhamishwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, unaofunguka kwenye Moodle, mfumo huria wa kufundishia mtandaoni, ili mkataba ukifa yasizikwe nao. Nataka pia saa za wahadhiri ziandikwe kama saa za kazi, kwa sababu saa moja ya somo zuri inaweza kula saa mia za kuliandaa. Rasimu ya mwisho niliyosoma ilikuwa na kurasa tele za dhamana ya vifaa na mstari mmoja kuhusu wahadhiri: "watashirikishwa". Niliirudisha nikiuliza kwa saa ngapi, na madarasa yao yatashikwa na nani.