Mwaka mmoja si ruhusa ya kumgeuza mtoto atazame mbele

Mtoto akiletwa kliniki kwa chanjo ya surua ya miezi 9, na mizani ikasoma kilo 9, swali linalofuata nalijua kabla mama hajafungua mdomo. "Sista, sasa si tunaweza kumgeuza atazame mbele kwenye gari?" Huyo angalau kauliza. Wengi wananipa taarifa tu kwamba wameshamgeuza, kwa furaha kama vile mtoto amepanda darasa. Nimelijibu hili mlangoni, kwenye benchi la kusubiria na kwenye simu usiku, na kila wiki linarudi vilevile: mwaka mmoja au kilo 9, basi mtoto yuko tayari.

Hayuko tayari.

Hiyo 9 najua ilikotoka. Viti vingi vya watoto vinavyouzwa madukani kwetu, vipya na vya mtumba, vimetengenezwa kwa kanuni ya zamani ya Umoja wa Mataifa inayoitwa R44. Kigeuze kiti utakuta kibandiko cha rangi ya chungwa, kina herufi E ndani ya duara na uzito wa mtoto anayefaa kukaa humo. Cha kutazama mbele kimeandikwa 9–18 kg. Mzazi anasoma 9 kwenye kibandiko, anafungua kadi ya kliniki anaona 9, mjadala umeisha. Lakini 9 hiyo ni mpaka wa chini. Maana yake mtoto wa kilo 8 asithubutu kuwekwa humo. Kibandiko hakisemi kwamba siku anapofika 9 ndiyo siku ya kumgeuza.

Kanuni mpya zaidi, R129, iliyoanza kutumika 2013, iliona wazazi wanavyoisoma 9 ikaweka umri: hakuna kutazama mbele kabla ya miezi 15, hata mtoto awe na uzito gani. Na hiyo 15 nayo ni mpaka wa chini, msije mkaigeuza kuwa sherehe nyingine. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, walisema mwaka 2011 mtoto atazame nyuma mpaka afike miaka 2 au zaidi. Mwaka 2018 wakaufuta umri wenyewe, wakasema atazame nyuma mpaka afikie kikomo cha uzito au cha urefu kilichowekwa na mtengenezaji wa kiti chake. Huko Sweden watoto hutazama nyuma mpaka karibu miaka 4, na si jambo la jana. Daktari wao mmoja, Bertil Aldman, aliona jinsi wanaanga wa vyombo vya Gemini walivyolazwa kwenye viti vyao, mgongo ndio unaobeba nguvu ya kurushwa, akatengeneza kiti cha mtoto kwa wazo hilohilo miaka ya 1960.

Sasa sababu, maana mzazi akiielewa hii sihitaji kumkumbusha tena. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wa mwili wake. Chako wewe ni kama sehemu moja ya nane. Kichwa hicho kizito kinashikiliwa na pingili za shingo ambazo bado hazijawa mfupa mmoja. Kila pingili ni vipande vilivyounganishwa kwa gegedu, na vile vya juu kabisa, vinavyobeba fuvu, huchukua miaka kadhaa kuungana. Kano zake nazo zimelegea. Gari likigonga kitu mbele, kila kilichomo ndani kinataka kuendelea na safari. Mtoto anayetazama mbele, kiwiliwili kinazuiwa na mikanda, kichwa kinatupwa mbele peke yake, na uzito wake wote unaivuta shingo. Pingili laini zinaweza kunyooka zikaachiana. Mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani yake haunyooki kiasi hicho, unachanika. Unaweza kumwona mtoto hana hata mchubuko usoni, na mikono na miguu haimsikii tena.

Akitazama nyuma, ajali ileile inamsukuma kwenye kiti. Kichwa, shingo na mgongo vinaingia pamoja kwenye ganda la kiti, nguvu inatawanyika mgongo mzima, na shingo haivutwi. Ni hilo tu. Wapo watakaokutajia kwamba mtoto anayetazama nyuma ni salama "mara tano". Hesabu hiyo ilitoka kwenye utafiti wa Marekani wa 2007 ambao baadaye uliondolewa na jarida lililouchapisha, kwa hiyo msiitumie. Hatuihitaji. Jinsi shingo ya mtoto ilivyoumbwa inatosha.

Mama mwingine ananiambia, "Lakini shingo yake imeshakaza sista, anakaa mwenyewe tangu miezi 6." Kukaza shingo ni kazi ya misuli, na misuli haina nafasi hapa. Mgongano wa gari unakwisha ndani ya muda kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hata wewe mtu mzima huwahi kuikaza shingo yako. Kinachobaki kufanya kazi ni mfupa na kano, na hivyo mtoto wa mwaka mmoja bado hana vya kutosha.

Kuna kosa lingine linalozaliwa hapohapo, nalo limenisumbua sana. Kile kiti cha kwanza, chenye mkono wa kubebea, humwishia mtoto haraka. Kilo 13 zilizoandikwa huwa hajazifika, ila kichwa kimeshapanda karibu na ukingo wa juu wa ganda, na hapo kweli kiti kimekwisha. Mzazi anakwenda dukani, anarudi na kiti cha kutazama mbele. Kilichokwisha ni kile kiti, mwelekeo haujaisha! Kinachotakiwa ni kiti kikubwa zaidi ambacho nacho kinatazama nyuma. Ushauri wangu, na nitaurudia mpaka nistaafu: mwenye uwezo wa kununua kiti kimoja tu asinunue kile cha 9–18 kg. Anunue cha kubadilika, kinachoanza na mtoto mchanga akitazama nyuma. Na asome kibandiko mpaka mwisho, maana viti hivyo vina uzito wa aina mbili: wa kutazama nyuma na wa kutazama mbele. Kipo kilichoandikwa 0–18 kwa herufi kubwa, kumbe kutazama nyuma kinaishia kilo 10. Chukua kinachofika mbali zaidi. Viti vingi vya Marekani hufika kilo 18 mtoto akitazama nyuma, na vya Sweden vingine hufika 25. Watoto wetu wengi hawafikishi kilo 18 kabla ya miaka 4.

"Miguu yake inagusa siti, ataumia." Haumii. Watoto hukunja miguu, huipandisha juu ya siti, hukaa kama wanavyokaa kwenye mkeka, na wala hawalalamiki. Anayeumia miguu zaidi ni yule anayetazama mbele, kwa sababu miguu hurushwa ikagonga mgongo wa siti ya dereva. Na hata mguu ukivunjika, nimefanya kazi wodi ya mifupa ya watoto: tunafunga hogo, baada ya wiki chache mtoto anakimbia. Kwa shingo sina hogo la kumpa mtu.

"Je, tukigongwa kwa nyuma?" Ajali kali zaidi ni za mbele. Fikiria barabara yoyote ya njia mbili, basi linalipita lori kwenye kona: hapo watu hugongana uso kwa uso. Kugongwa nyuma mara nyingi ni kwenye foleni, na kwa mwendo mdogo.

"Namweka mbele nimwone nikiendesha." Kama siti hiyo ina mfuko wa hewa unaofanya kazi, kiti cha kutazama nyuma hakiwekwi hapo, basi. Mfuko ule hufumuka kwa kasi inayozidi kilomita 200 kwa saa na utakipiga kiti pale kichwa cha mtoto kilipo. Shusha kizuia jua cha abiria, utaona picha ya mtoto iliyopigwa mstari mwekundu. Gari nyingi tulizonazo hazina swichi ya kuuzima. Na wala hiyo si sababu ya kumgeuza mtoto, kama baba mmoja alivyotaka kunishawishi. Mhamishie siti ya nyuma.

"Analia." Analia pia akichomwa sindano, na tunamchoma.

"Nitampakata tu, ni hapa karibu." Hili linanichosha mno. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kugonga kitu ni sawa na kuanguka kutoka ghorofa ya tatu. Mtoto wa kilo 10 atakuvuta mikononi kwa nguvu ya zaidi ya kilo 200. Hakuna mama mwenye mikono hiyo, na upendo hauongezi msuli. Ukimfunga pamoja nawe kwenye mkanda mmoja, wewe ndiye utakayemkandamiza. Kwa takwimu za usalama barabarani za Marekani, kiti kinachotumika sawasawa hupunguza vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja ndani ya gari ndogo kwa asilimia 71. Askari wa barabarani kutokukuuliza hakubadilishi hesabu hiyo.

Kiti cha mtumba kinafaa ikiwa unamjua aliyekitumia na unajua hakijapata ajali. Kama humjui, kiache. Gari lisilo na vishikizo vya ISOFIX, vile vya chuma kwenye siti vya kukikamatia kiti cha mtoto, nalo si kikwazo, mkanda wa kawaida unatosha ukipitishwa mahali pake. Ila angalia siti ya katikati ya nyuma: gari za zamani huwa na mkanda wa kiunoni tu pale, na viti vingi vya kutazama nyuma vinahitaji ule wa kupita begani.

Siku itafika ya kumgeuza, akiwa amekimaliza kiti kwa uzito au urefu. Siku hiyo usizungushe kiti ukaondoka. Mkanda wa gari unapita njia nyingine, iliyoonyeshwa kwa alama ubavuni mwa kiti, na njia ya kutazama nyuma haitumiki tena. Kama kiti kina kamba ya juu, na gari lina ndoano yake, ifunge nyuma ya siti. Kishike kiti pale mkanda unapopita ukitikise; kisicheze zaidi ya sentimita mbili na nusu. Mikanda ya mtoto nayo inahama: alipotazama nyuma ilitokea usawa wa mabega au chini kidogo, sasa itokee usawa wa mabega au juu kidogo. Ikaze, kisha jaribu kuufinya mkanda kwa vidole viwili juu ya bega lake. Ukiweza kushika mkunjo, bado umelegea.