Anaongea Ovyo Juani: Maswali na Majibu Kuhusu Joto na Ubongo

Septemba na Oktoba, mvua zikiwa bado hazijashika, jua la Tabora halina huruma. Ndiyo miezi ya kufyatua matofali na kuandaa mashamba. Kule Kigoma, waanika dagaa wa Kibirizi nao wanashinda mahali pasipo na kivuli.

Mwili ukipata joto kupita kiasi, yaani kiharusi cha joto, kwa nini kichwa ndicho kinachovurugika mapema?

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, na hauna akiba ya maana. Nishati nyingi inaendesha pampu ndogo zilizo kwenye kuta za seli. Sodiamu huingia ndani muda wote na pampu huitoa, kama mvuvi mwenye mtumbwi unaovuja anavyochota maji na kuyamwaga bila kupumzika. Joto la mwili likipanda nyuzi 1, matumizi ya nishati hupanda kwa takriban asilimia 10. Wakati huohuo damu nyingi imekimbilia kwenye ngozi ili kupoza mwili, jasho limepunguza maji, na damu inayofika kichwani inapungua. Mitokondria, zinazotengeneza nishati ndani ya seli, nazo hazifanyi kazi vizuri zikizidiwa na joto.

Na kemikali za ubongo zinahusikaje?

Hapo ndipo pabaya. Glutamati ni kemikali ya kuamsha seli. Ikishafikisha ujumbe inatakiwa iondolewe mara moja, na kuondolewa kwake kunategemea kazi ya pampu zilezile. Pampu zikilegea, glutamati inabaki palepale, seli inaamshwa mfululizo, kalsiamu inajaa ndani na kuanza kuiharibu. Wewe uliye nje unaona mtu anajibu yasiyoulizwa, amekuwa mkali bila sababu, anapepesuka, pengine anapata degedege. Seli za Purkinje, zilizo kwenye ubongo mdogo wa kisogoni, huathirika upesi mno. Ndiyo maana baadhi ya walionusurika hubaki na mwendo wa kuyumba na ulimi mzito.

Si malaria hiyo?

Inaweza kuwa, na kwa mikoa yetu lazima apimwe. Ila homa na kiharusi cha joto ni vitu viwili. Kwenye homa, haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia joto, imeamua yenyewe kupandisha kiwango, na parasetamoli hukishusha. Kwenye kiharusi cha joto, haipothalamasi bado inataka nyuzi 37 lakini mwili umeshindwa kujipoza. Parasetamoli haisaidii kitu. Aliyekuwa juani, mwili unawaka na maneno hayaeleweki, apozwe kwanza. Kipimo cha malaria atakikuta zahanati. Na jamani, tusikimbilie kusema amelewa au ana mashetani.

Nimpozeje nikiwa shambani au mwaloni?

Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na mmpepee bila kuacha, huku mwenzenu akitafuta usafiri. Maji ya kisima yanatosha. Ya Ziwa Tanganyika si barafu, lakini yako karibu nyuzi 10 chini ya joto la mwili. Yachoteni, msimtumbukize ziwani aliyezimia. Asiyejitambua asinyweshwe chochote, alazwe ubavu. Njiani endeleeni kummwagia.

Natumia dawa za akili. Niogope jua?

Chukua tahadhari. Tezi za jasho huamshwa na kemikali iitwayo asetilikolini, na dawa kama amitriptilini na klopromazini huizuia, hivyo unatoka jasho kidogo. Klopromazini na haloperidoli huzuia pia dopamini, ambayo haipothalamasi huitumia kurekebisha joto. Usiziache kwa uamuzi wako, maana ugonjwa ukirudi ni balaa jingine. Fanya kazi nzito alfajiri, kunywa maji hata kabla ya kiu, na umweleze anayekuandikia dawa kwamba kazi yako ni ya juani. Unaofanya nao kazi wajue pia, kwa sababu akili ikishaanza kuvurugika hutajitambua mwenyewe.