Mtambo wa bunduki ya kuwindia: maana yake, na kwa nini wa bolti hulenga vizuri kwa bei nafuu

Anayetafuta bunduki yake ya kwanza ya kuwindia huanza kwa kuuliza aina ya risasi: achukue .308 au .30-06, 6.5 Creedmoor au .270? Si swali baya, lakini kwa mwenye fedha za kuhesabu lipo la kutangulia: mtambo gani? Mtambo ni ile sehemu ya chuma iliyo nyuma ya mtutu. Kazi zake ni nne: kuingiza risasi kwenye chemba (chumba kilicho nyuma ya mtutu), kuifungia humo baruti inapowaka, kugonga fataki (kile kidonge cha nyuma ya risasi kinachowasha baruti), na kutoa ganda tupu. Jinsi zinavyofanywa kazi hizo ndiko kunakotenganisha bunduki ya bolti na ya wenzo, ya kukunja na ya kujipakia yenyewe, na ndiko kunakopandisha bei au kuishusha.

Kwanza tujue unahitaji shabaha ya kiasi gani. Marekani, ambako soko la bunduki hizi ni kubwa kuliko popote, watu hupima kwa dakika ya pembe, ambayo kwa umbali wa mita 100 ni kama sentimita 2.9. Ukifyatua risasi tatu na matundu yake yakaingia kwenye duara la upana huo, bunduki yako ni ya dakika moja. Sasa mtazame kulungu wa mkia mweupe, mnyama anayewindwa zaidi nchini humo: eneo la moyo na mapafu yake lina upana wa karibu sentimita 20. Bunduki inayokusanya risasi ndani ya sentimita 4 kwa mita 100 itatawanya kama sentimita 10 kwa mita 250, na bado iko ndani ya eneo hilo. Kuongeza maelfu ya dola ili sentimita 4 ziwe 2 hakumsaidii mwindaji wa kawaida. Fedha hizo zina kazi nyingine.

Bolti ni kipande cha chuma cha mviringo chenye mpini, kinachosukumwa mbele na kuzungushwa mfano wa komeo la mlango. Kikizunguka, meno yake ya mbele huingia kwenye makato yaliyo nyuma kidogo ya chemba na kushika. Mpango huu aliukamilisha Mjerumani Paul Mauser kwa bunduki yake ya mwaka 1898, na Winchester 70 ya 1936 ilifuata njia hiyohiyo. Uzuri wake kwa upande wa shabaha unaeleweka haraka. Risasi ya .308 inaruhusiwa kufikia mkandamizo wa pauni 62,000 kwa inchi ya mraba. Meno yanaubeba mkandamizo huo karibu kabisa na risasi yenyewe, pande zote mbili kwa usawa, na hakuna bomba la gesi, kama la nyingi zinazojipakia, wala wenzo unaotikisika wakati risasi ingali mtutuni. Vitu vichache vinasogea, kwa hiyo kila mlio unafanana na uliotangulia.

Unafuu wa bei nao una historia yake. Kwa utaratibu wa zamani, mtutu ulikazwa hadi bega lake likagota kwenye mtambo, kisha fundi akaichonga chemba kwa uangalifu mpaka risasi ikae kwa nafasi sahihi kabisa. Ni kazi ya mkono, na mkono hulipwa. Mwaka 1958 kampuni ya Savage ilitoa bunduki ya modeli 110, iliyobuniwa na Nicholas Brewer, na ndani yake kulikuwa na nati ya kawaida. Chemba inachongwa mapema. Fundi anaweka kipimo cha chuma chenye umbo la risasi, anafunga bolti, anauzungusha mtutu uingie hadi uguse kipimo, kisha anaikaza nati ili mtutu ubaki papo hapo. Kwa dakika chache anapata usahihi uliokuwa ukimla muda mrefu. Kichwa cha bolti nacho ni kipande cha peke yake chenye mchezo kidogo, hivyo meno yote mawili hujikalia sawasawa bila kusuguliwa kwa mkono. Mimi naona nati ile imewafaidi wawindaji wa kipato cha chini kuliko mapambo yote ya mti wa jozi yaliyowahi kuchongwa kwenye kitako.

Ruger American nayo inatumia nati ya namna hiyo, na mtambo wake unakalia vipande vya chuma vilivyofinyangwa ndani ya kitako cha plastiki. Hiyo na Savage Axis ni bunduki za dola mia nne hadi mia sita hivi zikiwa mpya, na nyingi hukusanya risasi kwa kiwango ambacho zamani ulikilipia fundi maalumu. Tikka T3x ya Finland ni ghali zaidi. Bolti yake inateleza vizuri mno, na mwenye uwezo hatajuta.

Bunduki ya wenzo ndiyo ile ya Wamarekani wa zamani: unashusha mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio na kuurudisha, risasi nyingine imeingia. Winchester ya 1894, kazi ya John Browning, imetengenezwa zaidi ya milioni saba. Ni nyembamba, nyepesi, na kwenye msitu mzito ambako huoni zaidi ya mita 80 ni raha kuibeba. Ila zilizo nyingi hupanga risasi ndani ya bomba chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake; ncha kali ingeweza kuilipua, kwa hiyo hutumia risasi zenye pua butu, ambazo hupoteza kasi upesi. Zipo siku hizi risasi zenye ncha laini ya mpira zinazopunguza tatizo hilo. Bei lakini si ya maskini tena: Marlin 336 mpya inavuka dola 1,000.

Ya kukunja, ya risasi moja, hufunguka kwa bawaba kama shotigani za kijijini. Ni fupi, ina vipande vichache, inaweza kuwa nafuu kuliko zote, na nyingine hulenga vizuri sana. Lakini mtutu wake umefungwa bawabani na kitako cha mbele kinauning'inia, hivyo ukibadilisha mahali unapoiegemeza, risasi nazo huweza kuhama. Na ukikosa, mnyama ameshaondoka kabla hujapakia ya pili.

Za kujipakia zenyewe na za pampu (unazozipakia kwa kuvuta na kusukuma kitako cha mbele) nazipitia haraka, kwa sababu kwa bei ileile mara nyingi hutapata shabaha ya bolti. Sheria nayo ina neno: Pennsylvania kwa miaka mingi imekataza zinazojipakia kwa uwindaji wa wanyama wakubwa, ndiyo maana pampu ya Remington 760 ilipendwa huko. Tanzania pia sheria ya wanyamapori hairuhusu kuwinda kwa bunduki inayojipakia yenyewe. Kenya uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku mwaka 1977.

Afrika Mashariki imeujua mtambo wa bolti muda mrefu. Mskoti W. D. M. Bell aliwapiga tembo wengi huko Karamoja, Uganda, kwa Mauser ya risasi nyembamba ya milimita 7, akitegemea kulenga mahali penyewe. Leo hakuna mwenye dhamana atakayekuruhusu kumfuata nyati na risasi ndogo hivyo; .375 (upana wa risasi kwa inchi) ndicho kiwango cha chini kinachotajwa kwa wanyama hatari.

Ukifika dukani, omba ihakikishwe mbele yako kwamba chemba ni tupu, kisha pitisha karatasi kati ya mtutu na kitako, kutoka mbele hadi karibu na mtambo. Ikikwama, kitako kinaugusa mtutu, na plastiki laini ikibonyea juu ya mfuko wa mchanga risasi zitahama. Ukiwa na dola 1,000, usizimalize zote kwenye bunduki: darubini imara na vibano vyake vitakula sehemu kubwa, na risasi za mazoezi zinahitaji fungu lao. Nunua pakiti za aina tatu tofauti, maana mitutu miwili ya kiwanda kimoja inaweza kuchagua risasi tofauti. Unapozijaribu, uache mtutu upoe. Mtutu mwembamba wa bunduki ya kuwindia hupata moto baada ya risasi tatu au nne na kuanza kutawanya, ilhali porini unayoitegemea ni ile ya kwanza, inayotoka mtutu ukiwa baridi. Kwa hiyo piga moja, andika ilipoingia, rudi siku nyingine upige moja kwenye karatasi ileile, na endelea hivyo hadi ujue bunduki yako huipeleka wapi risasi yake ya kwanza.